Watoto wa Lawino: Usaliti wa Ndoa na Familia Changa katika Wimbo wa Lawino

Utangulizi

Kwa muda mrefu Wimbo wa Lawino umesomwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kama kesi ya mila dhidi ya usasa. Mwalimu hugawa ubao sehemu mbili, upande mmoja akaandika Lawino na upande wa pili Ocol, kisha wanafunzi wakaanza kupanga: ngoma huku, dansi kule, jua huku, saa kule, mganga huku, hospitali kule. Mwisho wa kipindi kila mmoja ana orodha ndefu na swali la mtihani limepata jibu lake. Kinachosahaulika ni kwamba malalamiko haya yote yanatokana na kisa cha kawaida sana, ambacho kila msomaji wa jarida letu amewahi kukisikia kwa jirani kama si nyumbani kwake: mwanamume mwenye mke na watoto wadogo amempenda mwanamke mwingine, na nyumba yake imeanza kubomoka.

Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982, alitunga wimbo huu kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, mwaka 1966, huko Nairobi; matini ya Kiacholi ilifuata mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili waliupata kupitia tafsiri ya Paul Sozigwa wa Tanzania, iliyotoka mwaka 1975. Mwaka 2001 Taban lo Liyong naye alitoa tafsiri nyingine ya Kiingereza. Kwa hiyo tunazungumza juu ya kazi ambayo imekuwa mikononi mwa wahakiki kwa zaidi ya nusu karne, na mtu anaweza kuuliza kama kuna lolote lililobaki la kusemwa juu yake.

Lipo. Dai la makala haya ni kwamba Okot anautazama usaliti wa ndoa kutoka mahali ambapo waandishi wengi hawasimami. Hatupeleki kwa mwanamke wa nje ili tushuhudie yanayotendeka huko. Anatubakisha ndani ya nyumba iliyoachwa, pamoja na mke na watoto, na kutuonyesha jinsi mwanamume anavyoweza kuondoka huku bado analala pale pale. Aidha, makala yatajaribu kuonyesha kwamba ndani ya nyumba hiyo anayeumia kimya kimya ni mtoto, na kwamba Lawino mwenyewe, pamoja na ufasaha wake wote, hafikishi kesi ya mtoto huyo hadi mwisho.

Maneno tuliyo nayo

Kabla ya kuingia katika wimbo wenyewe, inafaa tuyatazame maneno ambayo Kiswahili kinatumia kuzungumzia jambo hili. Tunayo mengi. Kuna hawara na kimada, maneno ya zamani. Kuna nyumba ndogo, ambayo imeenea kotekote. Wakenya wamezoea kusema mpango wa kando. Watanzania katika miaka ya karibuni wameleta mchepuko, neno linalotokana na kuchepuka, yaani kuiacha njia kuu na kufuata kijia cha pembeni.

Ukiyachunguza maneno haya, utaona kwamba mengi ni mapole kwa mwanamume. Aliyechepuka hajapotea, anatarajiwa kurudi barabarani wakati wowote. Mwenye mpango wa kando ana mpango mkuu ambao bado uko salama. Hata nyumba ndogo ni nyumba, na udogo wake unatuhakikishia kwamba nyumba kubwa ipo na itaendelea kuwapo. Lugha inamchukulia mume kuwa ameongeza kitu, wala haisemi kwamba amepunguza kitu mahali fulani.

Tazama sasa upande wa watoto. Mtoto aliyezaliwa huko nje ana majina mengi: mtoto wa nje, mwana haramu, na mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Mtoto huyo, ambaye hakutenda kosa lolote, amebebeshwa jina la kosa la wakubwa. Lakini yule mtoto mwingine, aliyebaki ndani, anayemsubiri baba hadi usingizi unamchukua mezani, hana jina. Msamiati wetu haumwoni. Kama lugha haina jina la mtu, ni rahisi kwa mhakiki pia kupita bila kumwona, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwa watoto wa Lawino.

Si lugha peke yake. Hapa Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni maarufu dhidi ya UKIMWI iliyotumia mfano wa ng'ombe wanaolishwa zizini badala ya kuachwa watangetange malishoni. Ujumbe ulieleweka mara moja, kwa kuwa kila mfugaji anaujua mfano huo, na lengo lake la kuokoa maisha lilikuwa jema. Hata hivyo, mfano wenyewe unamwambia mwanamume ale wapi. Haumwambii anadaiwa nini na walio ndani ya zizi.

Sheria nayo ilikuwa na upofu wake. Chini ya kifungu cha 154 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, mke aliyelala na mwanamume yeyote asiye mumewe alikuwa mkosaji; lakini mume alihesabiwa mkosaji iwapo tu mwanamke aliyelala naye alikuwa mke wa mtu mwingine. Yaani kosa la mwanamume lilikuwa dhidi ya mwanamume mwenzake, si dhidi ya mkewe. Katika talaka pia, mume aliweza kuachana na mke kwa sababu ya uzinzi pekee, ilhali mke alitakiwa aongeze kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Mahakama ya Katiba iliiondoa tofauti hiyo ya talaka mwaka 2004, na mwaka 2007 ikakibatilisha kifungu cha 154. Hukumu hizo zilikuwa hatua kubwa kuelekea usawa wa mke na mume. Lakini hata katika mabishano hayo, kesi ilikuwa ya watu wazima wawili. Mtoto hakuwa upande wowote wa shauri.

Haya yote yanatusaidia kuona ukubwa wa kile alichofanya Okot mwaka 1966, alipomweka mke wa kijijini mbele ya ukoo wake na kumwacha aseme.

Ocol ametoka nje ya nini?

Swali la kwanza ambalo wanafunzi huuliza ni kama Ocol ni msaliti kweli. Hoja yao ina uzito. Waacholi, kama jamii nyingi za eneo letu, waliruhusu mwanamume kuoa wake wengi. Lawino mwenyewe hakatai jambo hilo. Anakiri kwamba ana wivu kidogo, lakini anasema wazi kwamba hamzuii mumewe kumpenda mwanamke mwingine. Kwa maoni yake, wake wenza hushindana jikoni, kwa chakula kizuri na ukarimu, mume anaporudi kutoka shambani. Kama mila inaruhusu na mke anakubali, usaliti uko wapi?

Jibu, kwa mtazamo wangu, liko katika kuangalia Ocol amechukua nini na ameacha nini. Mila iliyomruhusu mwanamume kuoa mke wa pili ilimpa pia masharti. Alitakiwa atoe mahari, awahusishe wazee, amlete mke mpya mbele ya watu, amjengee na kumlimia, na aendelee kumpa mke wa kwanza heshima ya ukubwa wake. Katika malalamiko yote ya Lawino sijaona mahali ambapo mahari ya Clementine, anayeitwa pia Tina, imetolewa, wala mahali ambapo wazee wameitwa. Tina amependwa tu. Kwa upande mwingine, Ocol ni Mkatoliki anayejivunia jina lake la ubatizo, Milchizedek Gregory, na dini yake inamtaka awe na mke mmoja.

Basi Ocol ana sheria mbili na hatii hata moja. Kutoka katika mila amechukua uhuru wa kuwa na mwanamke wa pili, akauacha wajibu unaoambatana na uhuru huo. Kutoka katika dini amechukua jina na heshima ya kuitwa mstaarabu, akaliacha agizo la uaminifu. Anasimama katikati, mahali ambapo hakuna mzee wala padri anayeweza kumwita kumhoji. Usaliti wake ni huo, na si jambo la Waacholi wa miaka ya 1960 peke yao. Wako wanaume wengi leo, katika miji yote ya kanda hii, ambao wakiulizwa juu ya nyumba ndogo hujibu kwamba Mwafrika anaruhusiwa wake wengi, na wakiulizwa juu ya wajibu wa mwenye wake wengi hujibu kwamba wao ni watu wa kisasa.

Kwa msomaji wa namna hii, mgawanyo wa ubao kati ya mila na usasa hauna msaada mkubwa. Ocol si mwakilishi wa usasa. Mtu wa kisasa aliye mwaminifu angeonekana tofauti kabisa. Ocol ni mtu anayetumia usasa kama kichaka cha kujifichia.

Gazeti na kikohozi cha mtoto

Sehemu inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote, na ambayo huwa inapitwa haraka, ni ile ya saba, inayohusu wakati. Wahakiki huitumia kueleza tofauti kati ya saa ya ukutani na jua, na kweli hilo limo. Lakini ndani ya sehemu hiyo kuna picha ya baba na watoto ambayo haihusu saa hata kidogo.

Lawino anamwonyesha mumewe akiwa ameketi katika kochi lake, uso wote umefunikwa na gazeti kubwa, kimya kama maiti. Mtoto akilia au akikohoa, Ocol hulipuka kama nyati na kumrushia vitu. Anasema hataki kelele, na kwamba vilio na vikohozi vya watoto vinamsumbua. Lawino anashangaa: haya si maneno ya mchawi? Kwake, sauti ya watoto ndiyo muziki wa nyumba, na nyumba isiyo na sauti hiyo ni nyumba ya mkosi.

Tuitafakari picha hiyo. Tina hayumo. Hakuna harufu ya manukato wala barua ya mapenzi iliyookotwa mfukoni. Ocol hajatoka, yuko nyumbani, mahali ambapo ndugu na majirani wote wangesema ndipo mume anapopaswa kuwa. Lakini kati yake na watoto wake kuna ukurasa wa gazeti, na mtoto anayekohoa anapokea kitu kilichorushwa badala ya mkono wa baba kifuani. Tunaposema kwamba mtu ametoka nje ya ndoa, tunafikiri juu ya miguu yake. Okot anatuonyesha kutoka ambako miguu haijasogea.

Ni kweli kwamba Ocol hawachukii watoto kwa sababu ya Tina moja kwa moja. Wimbo hausemi hivyo. Lakini dharau hii ina chanzo kimoja. Mwanamume aliyeamua kwamba mkewe ni mshamba, kwamba mama wa mkewe ni mchawi na ukoo mzima ni wa wajinga, hawezi kuishia hapo. Watoto wale wametoka katika tumbo la mwanamke huyo huyo. Wanaongea kama yeye, wanakula alichopika, wanalia kwa sauti za nyumba yake. Kila anapowatazama anamwona mtu aliyemkana. Wazazi wengi hudhani kwamba wanaweza kumdharau mwenzao na wakati huohuo kuwapenda watoto wao kikamilifu. Lawino anajua kwamba jambo hilo ni gumu mno, kwa maana mtoto husikia tusi la mama yake kama tusi lake.

Katika sehemu hiyo hiyo Lawino anajibu madai ya Ocol kuhusu ratiba kwa hoja ya maziwa: mtoto mchanga akilia, hunyonyeshwa, na hakuna anayeangalia saa. Hoja hii huchukuliwa darasani kama kichekesho cha mwanamke asiyejua kusoma saa. Ningependa tuichukue kama kanuni ya malezi. Mtoto hana ratiba ya kumhitaji mzazi. Mtu ambaye muda wake umekwisha gawanywa mahali pengine, kwa Tina, kwa vitabu, kwa chama cha siasa, atamwona mtoto kuwa usumbufu, na atauita usumbufu huo ukosefu wa ustaarabu.

Jina na ukoo

Kuna mambo mengine mawili ambayo watoto hawa wanapoteza.

La kwanza ni jina. Kwa Waacholi jina mara nyingi husimulia kuzaliwa. Opiyo na Ocen ni mapacha. Okello ni yule aliyewafuata mapacha. Jina la mshairi mwenyewe, Okot, linatokana na mvua. Ocol anayadharau majina haya na kuyataka yale ya ubatizo tu. Mjadala wa darasani husema hapa kwamba Lawino anatetea utamaduni. Sawa. Lakini jina la namna hiyo ni pia ushahidi kwamba siku ile mtoto alipozaliwa watu walikuwapo na waliona: mvua ilinyesha, miguu ilitangulia, wawili walitoka pamoja. Baba anayelikataa jina hilo anaikana siku hiyo na kila aliyeishuhudia.

La pili ni ukoo. Ocol anawaona ndugu wa mkewe kuwa wachafu na waleta maradhi. Baadaye, siasa za vyama zinapoingia, anagombana hata na ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu yeye yuko chama cha Democratic na ndugu yake yuko Congress. Utani uliokuwapo kati ya Lawino na shemeji yake unapigwa marufuku. Wahakiki wa siasa wameieleza vizuri sehemu hii kama picha ya Uganda ya uhuru iliyogawanyika. Ukiisoma kwa macho ya familia changa, utaona jambo lingine. Ndoa inapoyumba, watoto huokolewa na ukoo. Bibi huwachukua kwa muhula mmoja, baba mdogo huwalipia ada, mjomba humwita mume na kumketisha chini. Ocol amezikata njia zote hizo mapema: upande wa mama kwa sababu ya uchafu, upande wa baba kwa sababu ya chama. Watoto wanabaki na mama anayetukanwa na baba aliye nyuma ya gazeti, na mlango umefungwa.

Ndiyo maana Lawino anaulilia ukoo wake badala ya kumlilia Ocol peke yake. Anajaribu kuufungua mlango huo kwa sauti.

Mahali ambapo Lawino anashindwa

Mhakiki asiyemwona Lawino ila kwa wema atakuwa hajamsoma vizuri. Kuna mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yanaudhoofisha utetezi wake.

Kwanza ni jinsi anavyomshambulia Tina. Picha anayoichora, ya midomo iliyopakwa rangi, mwili uliokonda na unga usoni, inachekesha, na Okot alijua kuchekesha. Lakini Lawino anavuka mpaka wa kejeli. Anamdhania Tina kuwa huenda ametoa mimba nyingi na kuwatupa mapacha chooni. Hana ushahidi wowote. Mwanamke aliyewatetea watoto wake kwa maneno mazito hivyo anatumia watoto wa kudhaniwa kama fimbo ya kumpigia mwenzake. Huu ni ugonjwa wa zamani katika fasihi yetu, na katika maisha yetu pia: hasira inayomstahili mume inaelekezwa kwa mwanamke wa pili. Wanawake wawili wanaraushana, na mwanamume aliyeweka kiapo, au aliyetoa mahari, anakaa pembeni akisoma gazeti. Lawino kwa hakika anamlaumu Ocol katika sehemu nyingi, lakini maneno yake makali kuliko yote yamemwendea Tina.

Pili ni mwisho wa wimbo. Katika sehemu ya kumi na tatu Lawino anamtaka Ocol ajitibu, ausafishe ulimi uliotukana, aombe radhi. Hamtaki amfukuze Tina. Anamwambia hata amnunulie nguo, shanga na manukato. Ombi lake yeye ni moja: apewe nafasi aimbe na kucheza mbele ya mumewe ili aonekane tena. Ni mwisho mzuri sana kama shairi la mapenzi. Lakini ombi hilo ni la mke kwa mume. Wale waliorushiwa vitu kwa sababu ya kikohozi hawamo. Ocol akipona na kumtazama Lawino akicheza, ndoa itakuwa imepata nafasi ya pili. Hatujui mtoto atapata nini. Na jibu la Ocol, katika wimbo wake uliotoka mwaka 1970, linatuonyesha kwamba hata nafasi hiyo haikupatikana. Linaanza kwa kuudharau wimbo wa mkewe na kumwamuru afungashe vitu vyake aondoke. Swali la nani ataondoka na watoto halimshughulishi.

Maimuna anaendelea alipoishia Lawino

Ili kuuona upungufu huo vizuri, tunahitaji kazi ambayo imempa mtoto aliyebaki ndani nafasi ya mhusika mkuu. Kazi hiyo ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyochapishwa mwaka 1980, ambayo ni vyema isomwe sambamba na Wimbo wa Lawino ingawa mandhari yake ni ya pwani na dini yake ni Uislamu.

Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mbele ya watu. Nyumbani amemfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la maadili, huku yeye akitoka kwenda kwa Kazija. Mwanawe Mussa naye anakuja kugundua kwamba Kazija huyo huyo ana uhusiano na baba na mwana pia. Tamima anaachwa. Maimuna anatoroka na kuangukia katika danguro la Mama Jeni.

Riwaya hii ingeweza kusimuliwa kama kisa cha Maksuudi na Kazija, na ingekuwa riwaya ya kawaida. Mwandishi ameamua kumfuata Maimuna. Kwa uamuzi huo tunaona hesabu kamili ya usaliti. Tamima amepoteza mume, na hilo ni jambo ambalo jamii inalijua na ina maneno ya kumfariji. Maimuna amepoteza kipimo. Aliambiwa kwamba nyumba ni usafi na nje ni uchafu, kisha akagundua kwamba mwenye kulinda mlango ndiye aliyekuwa akileta uchafu ndani. Msichana aliyefundishwa maadili na mtu asiyekuwa nayo hana sababu ya kuyaamini anapotoka. Mussa naye, mtoto wa kiume, amefundishwa na mfano wa baba hadi akajikuta kwa mwanamke yule yule. Said Ahmed Mohamed anatuonyesha kwamba mtoto wa ndani hurithi kosa la baba kwa njia mbili: binti kwa kulikimbia, mwana kwa kuliiga.

Hapa ndipo Maimuna anapoyaendeleza maneno ya Lawino. Lawino alitupa tukio, baba na gazeti na mtoto anayekohoa. Maimuna ni mtoto huyo miaka kumi na mitano baadaye.

Tufundishe vipi?

Wapo watakaosema kwamba usomaji huu unaipunguza kazi kubwa ya kisiasa kuwa ugomvi wa nyumbani. Ocol, watasema, ni ishara ya wasomi waliorithi nchi kutoka kwa wakoloni, na Lawino ni ishara ya wananchi waliosalitiwa. Sikatai. Lakini ishara hupata nguvu kutoka katika kitu kinachoonekana. Tunaelewa jinsi msomi alivyoikana nchi kwa sababu Okot ametuonyesha kwanza jinsi mume alivyoikana nyumba. Tukiirukia nchi kabla ya kuiona nyumba, tutabaki na ishara isiyo na damu.

Kwa wenzangu wanaofundisha Wimbo wa Lawino na Utengano katika idara yetu na nyingine, napendekeza maswali matatu ambayo yaulizwe kabla ya kuugawa ubao. La kwanza: katika kila tukio la ugomvi, watoto wako wapi? Mwanafunzi aoneshe mstari au ukurasa. La pili: anayelaumiwa kwa sauti kubwa ndiye aliyeweka ahadi, au ni mtu mwingine? La tatu: kazi inapokwisha, ni nani amelipwa haki yake na ni nani bado anadai? Maswali haya hayahitaji nadharia ngumu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyajibu kwa kitabu mkononi.

Ninayasisitiza kwa sababu ya hali halisi ya madarasa yetu. Wanafunzi tunaowafundisha wana umri wa miaka ishirini na kitu. Wengi wao wataoa na kuolewa ndani ya miaka michache ijayo, na si wachache ambao tayari wana watoto wadogo. Wengine, tusijidanganye, ndio waliokohoa nyuma ya gazeti. Mwanafunzi wa namna hiyo anapoandika katika daftari lake kwamba dhamira ni mgongano wa mila na usasa, amepata alama zake, lakini kitabu kilichomhusu kimepita mbele yake bila kumsalimu.

Hitimisho

Okot p'Bitek alikuwa na ujasiri wa kuuleta usaliti wa ndoa mezani, pale mtoto anapolilia maziwa na baba anapodai kimya. Hilo ni jambo ambalo misemo yetu ya nyumba ndogo na michepuko hailifiki, na ambalo sheria imelitazama kwa shida. Alipofika karibu na mtoto alisimama, akarudi kwa mke na mume. Said Ahmed Mohamed alisogea mbele zaidi. Kazi ya kumpa mtoto huyo lugha yake mwenyewe haijakwisha, na inawangoja waandishi wa Kiswahili wa kizazi hiki, wakiwamo wale walioketi katika madarasa yetu.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi wahakiki tumewaandika tembo kwa miaka mingi, jina kwa jina, sifa kwa sifa. Umefika wakati tuinamishe macho.